Kusoma Edinburgh: Kwanza Jifunze Saa ya Mji

Juu ya hoteli ya Balmoral, pale inapoanza barabara ya Princes Street, kuna mnara wenye saa inayosema uongo. Tangu hoteli ifunguliwe mwaka 1902, saa hiyo huwekwa dakika 3 mbele ili abiria wanaokimbilia treni katika stesheni ya Waverley, chini bondeni, wasiachwe. Husahihishwa usiku mmoja tu kwa mwaka, ule wa 31 Desemba, watu wapate kuupokea mwaka mpya pamoja. Ng'ambo ya bonde, kwenye ngome iliyokaa juu ya mwamba, mzinga hupigwa saa 7 kamili mchana kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Desturi hiyo ilianza 1861, manahodha waliotia nanga bandarini Leith wapate kulinganisha saa zao.

Mwanafunzi anayefika Septemba kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura huvipiga picha vyote viwili na kuvituma nyumbani. Ikifika Novemba huwa ameshaelewa kwamba mji wenyewe ndivyo ulivyo. Edinburgh huendeshwa kwa tarehe, miadi na siku za mwisho, na karibu zote zimeandikwa mahali fulani ambapo mgeni hajui kupatazama. Watu wa nyumbani humwonya kuhusu baridi. Baridi ina dawa, nayo ni koti. Kinachowaumiza wengi ni kuchelewa: kuchelewa kuomba chumba, kuchelewa kujiandikisha kwa daktari, kuchelewa kusema kwamba mambo yamekwama.

Njia hii ina nyayo za zamani. Julius Kambarage Nyerere, wakati huo mwalimu wa shule ya misheni ya St Mary's, Tabora, aliwasili Uingereza Aprili 1949. Hakuanza shahada moja kwa moja. Miezi iliyofuata aliitumia kwa kozi fupi ya kemia na fizikia na kwa mtihani wa Kiingereza uliotakiwa na vyuo vikuu vya Uskoti, na ilipofika Oktoba ndipo alipopokelewa katika Kitivo cha Sanaa cha Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alihitimu Julai 1952, akarudi kufundisha Pugu, na mwaka 1954 akawa rais wa chama cha TANU. Alikuwa na karibu nusu mwaka wa kuuzoea mji kabla ya mhadhara wa kwanza. Mwanafunzi wa leo wa shahada ya uzamili hana hata nusu mwezi. Kozi yake yote ni miezi 12, na wiki ya tatu anadaiwa insha. Kwa hiyo kujizoeza kwake lazima kuanze kabla hajapanda ndege.

Machi hadi Agosti, akiwa bado nyumbani

Viza ya mwanafunzi ina masharti matatu yanayokula muda. La kwanza ni kipimo cha kifua kikuu, kinachotakiwa kwa waombaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za ukanda wetu wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6, nacho hufanywa katika kliniki zilizoidhinishwa tu. La pili ni fedha za kujikimu: nje ya London hudaiwa zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi, kwa miezi 9, na fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila salio kushuka. Siku moja ya kukopesha shangazi kutoka akaunti hiyo inaweza kuangusha ombi zima. La tatu ni ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa pamoja na ombi. Wenye ufadhili kamili wa serikali au wa shirika husamehewa baadhi ya haya kwa barua ya mfadhili, hivyo barua hiyo iombwe mapema.

Viza yenyewe siku hizi haiji kama kadi. Inakaa mtandaoni, katika akaunti iliyounganishwa na pasipoti na barua pepe. Mwanafunzi aliyeifungua kwa barua pepe ya mjomba au ya wakala wa safari atajuta siku mwajiri au mwenye nyumba atakapotaka uthibitisho.

Halafu kuna chumba. Huu ndio mji wenye pango ghali kuliko yote Uskoti, na una vyuo vikuu vinne vinavyogombea vyumba vilevile: Edinburgh, ulioasisiwa kwa hati ya Mfalme James VI mwaka 1582, pamoja na Heriot-Watt, Edinburgh Napier na Queen Margaret. Agosti hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ya matamasha ya sanaa yaliyoanza 1947. Mwezi huo mji hufurika wageni, na vyumba vingi hupangishwa kwa siku badala ya mwezi. Anayesema atatafuta akifika, kisha akafika Agosti, amejitupa sokoni siku mbaya kuliko zote. Njia salama kwa mwaka wa kwanza ni hosteli ya chuo, na ombi lake lipelekwe mara tu nafasi ya masomo inapothibitishwa. Tarehe ya mwisho ya maombi ya makazi huwa mapema kuliko watu wanavyodhani, na ikipita, dhamana ya kupata chumba nayo hupita.

Anayelazimika kupanga uraiani anapaswa kujua kwamba sheria za Uskoti ziko tofauti na za England, na kwa sehemu kubwa zinamlinda. Amana haiwezi kuzidi pango la miezi 2. Mwenye nyumba hakai nayo mfukoni: anatakiwa kuikabidhi kwa moja ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa ndani ya siku 30 za kazi, na akikaidi, baraza la nyumba laweza kumtoza hadi mara tatu ya amana hiyo. Kudai ada ya kuonyeshwa chumba au ya kuandika mkataba ni kosa. Mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 28. Nyumba inayokaliwa na watu 3 au zaidi wasio ndugu lazima iwe na leseni maalumu, na kila mwenye nyumba awe kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua mtandaoni bila malipo.

Hapa kuna mtego mmoja. Hosteli binafsi za wanafunzi, zile za majengo mapya yenye ukumbi wa mazoezi na sinema, haziko chini ya sheria hiyo ya notisi. Aliyetia saini mkataba wa wiki 51 ana deni la wiki 51 hata akiacha masomo Januari. Mkataba usomwe wote, hata kama ni kurasa 20.

Matapeli nao wanaijua kalenda. Chumba kizuri karibu na bustani ya The Meadows kwa nusu bei, mwenyewe yuko ng'ambo kikazi, funguo zitatumwa kwa posta ukishalipa: hadithi hiyo husimuliwa upya kila Agosti. Fedha zisitumwe kwa chumba ambacho hakuna mtu wa kuaminika aliyekanyaga ndani yake.

Septemba: wiki ya karatasi

Mtoto wa Unguja atajisikia nyumbani kwa jambo moja. Nusu ya mji inaitwa kwa Kiingereza jina lilelile la Mji Mkongwe, imejaa vichochoro vinavyoteremka ghafla kati ya kuta ndefu za mawe, na pamoja na Mji Mpya wa karne ya 18 iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, miaka mitano kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Masharti nayo yanafanana. Kama vile mtu hawezi kung'oa mlango wa Kizanzibari bila ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi, ndivyo mwenye nyumba wa huko asivyoweza kubadili dirisha la miaka 150 kienyeji. Matokeo yake ni nyumba za kupendeza zenye vioo vya tabaka moja, dari za juu na ubaridi unaopenya kila ufa.

Kwa sababu hiyo, anayekagua chumba asivutiwe na mandhari ya ngome dirishani. Aulize herufi ya matumizi ya nishati, ambayo kwa sheria hutajwa kwenye tangazo: A ndiyo nzuri kabisa, G ndiyo mbaya. Tofauti ya C na F inaweza kumlia chakula cha wiki kila mwezi wa baridi. Aulize pia kama umeme na gesi vinalipiwa mwisho wa mwezi au kwa mita ya kununua kabla, ambayo mtumiaji wa LUKU ataielewa bila kufundishwa. Na siku ya kuingia apige picha kila doa, kila mkwaruzo, kabla ya kufungua begi.

Wiki hiyo ya kwanza ina kazi nne zisizosubiri. Ya kwanza ni daktari. Mtu hujiandikisha katika zahanati ya eneo lake akiwa mzima, kwa sababu akiwa na homa ya digrii 39 hatakuwa na nguvu za kujaza fomu. Ada ya afya aliyolipa ndiyo inayomfungulia mlango huo. Uskoti kuna zawadi ya ziada: tangu Aprili 2011 dawa za daktari hutolewa bure, na kupimwa macho ni bure pia. Usiku au wikendi, kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona, hupigwa namba 111. Kwa dharura ni 999. Daktari wa meno ni shida kumpata kwa bei ya umma, hivyo jino linalouma lishughulikiwe kabla ya safari.

Ya pili ni benki, ambayo mara nyingi hudai barua ya chuo yenye anwani ya Edinburgh. Akaunti inaweza kuchukua wiki kadhaa, na posho ya mfadhili nayo hukawia, hivyo mwanafunzi awe na fedha za kumfikisha mwisho wa mwezi bila kutegemea chochote.

Ya tatu ni kodi ya halmashauri. Mwanafunzi wa muda wote hadaiwi, lakini msamaha huo haujileti. Lazima aiambie halmashauri na kuonyesha uthibitisho wa chuo, la sivyo bili itafika, kisha barua ya onyo, kisha nyingine yenye maneno makali zaidi. Nyumba ikiwa na mkazi mmoja asiye mwanafunzi, bili hutolewa, na ni vyema wenzake wakubaliane nani analipa kabla ya kuhamia.

Ya nne huleta furaha. Tangu 31 Januari 2022 wakazi wa Uskoti wenye umri chini ya miaka 22 hupanda mabasi bure kwa kadi maalumu, na mwanafunzi wa kigeni anayeishi huko anahesabiwa. Mwenye umri zaidi alipe kwa kadi ya benki, kwani dereva wa basi la Lothian hana chenji: ukimpa noti kubwa, imekwenda. Na abiria wa huko, tofauti na wa daladala, humshukuru dereva wanaposhuka.

Oktoba: darasani

Ratiba ya kwanza humdanganya mgeni. Anaona saa 6 au 8 za darasa kwa wiki na kudhani amepata mapumziko. Hesabu halisi imo kwenye krediti: kila krediti 1 ya Uskoti ni saa 10 za kazi, kwa hiyo kozi ya krediti 20 ni saa 200. Darasani zitapita pengine 30. Zilizobaki ni za kusoma peke yake, na hakuna atakayemwuliza alikuwa wapi mpaka siku alama zinapotoka.

Alama zenyewe zinashtua. Aliyezoea 80 na 90 shuleni hupewa 62 na kudhani ameshindwa, kumbe amefanya vizuri. Kuanzia 70 ni daraja A, na zaidi ya 80 ni adimu. Kuchelewesha insha, kwa kanuni ya kawaida ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, hugharimu alama 5 kwa kila siku, na baada ya siku 7 hupewa sifuri. Anayeugua au kufiwa huongezewa muda, ila aombe kabla siku haijapita. Mwanafunzi wetu mara nyingi hunyamaza kwa heshima, akiona aibu kumsumbua mwalimu kwa msiba wa bibi yake. Huko kimya husomeka kama uzembe. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha.

Heshima inahitaji tafsiri kwa njia nyingine pia. Wahadhiri wengi huitwa kwa jina la kwanza, na hakuna shikamoo ya kupunguza makali ya jambo hilo. Kijana aliyelelewa kutomwita mkubwa kwa jina atatokwa jasho mara tatu za kwanza. Kwenye semina, kusikiliza kwa adabu muhula mzima huhesabiwa kuwa hukusoma, na kumpinga profesa kwa hoja ni kumpa heshima yake. Anayeogopa ajipangie mchango mmoja kwa kila semina, auandike kabla, autoe katika dakika 15 za mwanzo. Wengine watakapochangamka, yeye atakuwa ameshavuka mto.

Wizi wa maandishi huadhibiwa hata ukifanywa kwa kutojua. Kunakili aya na kutaja kitabu mwisho hakutoshi. Vyuo vyote vina wataalamu wa uandishi wanaomsaidia mwanafunzi bure, na miadi yao hujaa Novemba. Mwenye busara huwaona Oktoba.

Vitabu havina udhuru. Maktaba kuu ya chuo, iliyosanifiwa na Basil Spence na kufunguliwa 1967, ipo George Square. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambako kadi ya msomaji ni bure. Anayesoma historia ya Afrika Mashariki atazikuta humo karatasi za David Livingstone. Kituo cha Mafunzo ya Afrika, kilichoanzishwa 1962, hufanya semina anazoweza kuhudhuria hata mwanafunzi wa uhandisi, angalau kwa ajili ya kusikia majina ya kwao yakitamkwa.

Kuhusu lugha, IELTS haimwandai mtu kwa Kiskoti. Mwenye duka atamwambia "aye" akimaanisha ndiyo na "ken" akimaanisha kujua. Kila kitu kitakuwa "wee", yaani kidogo. Hali ya hewa itakuwa "dreich", neno linalobeba mvua, giza na unyonge kwa pamoja. Barua rasmi za chuo zitasema "outwith" badala ya nje ya. Kumwomba mtu arudie si aibu, na Waskoti hurudia kwa uchangamfu. Muhimu zaidi ni saa. Huko "half seven" ni saba na nusu, yaani saa 1:30 kwetu, na kichwa kinachohesabu Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja hukosea miadi kwa saa 6 bila kutambua. Dawa ni kuandika kila miadi kwa mtindo wa saa 24: 14.00, basi.

Novemba hadi Februari: saa inapovunjika

Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la ikweta. Linachomoza, tunaanza kuhesabu. Linazama, tunaanza upya. Dar es Salaam mpango huo haukosei, kwa kuwa siku fupi na siku ndefu ya mwaka hazipishani hata kwa saa nzima. Edinburgh, tarehe 21 Desemba, jua hutoka karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri. Saa 7 za mwanga, nyingi zake za kijivu. Juni mambo hugeuka: jua latoka kabla ya saa 10:30 alfajiri na kuzama baada ya saa 4 usiku. Msamiati wetu wenyewe unakwama. Mwanafunzi akimpigia mama yake Desemba saa 10 na kusema ni usiku, mama hudhani ni alfajiri.

Mabadiliko huja kwa kishindo Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma kwa saa moja. Tofauti na Dar es Salaam au Mombasa inatoka saa 2 na kuwa 3, na Jumatatu inayofuata jioni imehamia mchana. Wiki hizo ndizo za kuangalia. Mtu anaanza kulala mno, kukwepa mhadhara wa asubuhi, kuacha kupika, kutojibu simu za nyumbani kwa sababu hataki kusema uongo kwamba yuko salama. Wengi huita hali hiyo uvivu. Mara nyingi ni giza linalofanya kazi yake.

Hatua za kujikinga ni ndogo ila zinataka nidhamu. Kutoka nje kila siku kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, hata kwa dakika 30, hata mvua ikinyesha. Vidonge vya vitamini D: wataalamu wa afya wa Uingereza huwashauri watu wenye ngozi nyeusi kufikiria kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, kwa sababu jua la huko halitoshi. Kujiunga na jambo lenye siku na saa maalumu, iwe kwaya, mpira au chama cha wanafunzi wa Kiafrika, ili kuwe na mtu atakayeuliza ukikosekana. Hali ikizidi, vyuo vina washauri wa saikolojia, na namba 116 123 ya Samaritans hupokewa usiku na mchana bila malipo. Kumwona mshauri hakuandikwi kwenye cheti.

Waislamu wana msikiti mkuu wa mji, uliofunguliwa 1998, hatua chache kutoka George Square. Wakatoliki wana kanisa lao la wanafunzi, St Albert's, hapohapo George Square. Ramadhani inapoangukia Februari, saumu ya Edinburgh ni fupi kuliko ya Unguja. Itakaporudi Juni, itapita saa 17.

Sasa koti. Mchana wa Julai huko una joto la usiku wa Julai wa Dar es Salaam, nyuzi 19 hivi, na Januari hushuka kati ya 7 na 1. Mvua ya mwaka ni kama milimita 700, pungufu ya ile ya Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba huanguka kidogokidogo, kwa siku nyingi, ikisukumwa na upepo unaopindua miavuli. Kwa hiyo sweta mbili nyembamba chini ya koti lisilopitisha maji na lenye kofia hushinda koti moja nene la sufu. Asinunue katika masoko ya Kariakoo wala Gikomba kabla ya safari, maana mengi ya yale mazito yanayouzwa humo yametoka hukohuko anakokwenda. Mitaa ya Stockbridge na Newington ina maduka mengi ya hisani, ambayo mtu wetu atayatambua mara moja: ni mitumba kabla haijafungwa marobota.

Jikoni na mfukoni

Sukuma wiki ipo. Kwa Kiskoti mboga hiyo, "kail", ilikuwa chakula cha kila siku kiasi kwamba bustani ya nyuma ya nyumba iliitwa kwa jina lake. Leo inauzwa supamaketi ikiwa imeshakatwa. Unga mweupe wa ugali unapatikana katika maduka ya Waafrika na ya Waasia. Ule wa supamaketi unaoitwa polenta hutoa ugali wa njano, ambao wazee wa Tanzania wanaokumbuka unga wa yanga watauonea huruma. Uji wa shayiri ni wa bei ndogo kuliko kifungua kinywa kingine chochote. Na 25 Januari, Waskoti wanapomkumbuka mshairi Robert Burns kwa haggis, ambayo ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyopikwa na shayiri ndani ya tumbo, Mkenya aliyekulia kwenye mutura atakula huku wageni wengine wakikunja uso.

Kukaanga samaki kunahitaji tahadhari. Tangu Februari 2022 kila nyumba ya Uskoti inatakiwa kuwa na ving'ora vya moto vilivyounganishwa, kikilia kimoja vyote vinalia. Dirisha lifunguliwe kabla ya mafuta kuchemka. Lifunguliwe pia dakika 10 kila asubuhi, hasa kwa anayeanika nguo chumbani, kwa sababu ukungu mweusi ukishaota kwenye ukuta wa mawe hautoki kirahisi, na gharama yake hukatwa kwenye amana.

Kazi ya kujikimu ina mipaka ambayo si ya kuchezea. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wiki ikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Kwa wanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja, miezi ya kuandika tasnifu nayo ni muhula, kwa hiyo Juni si likizo. Kujiajiri kumekatazwa kabisa, na usafirishaji wa chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu uko ndani ya katazo hilo, hata kama jirani anaufanya. Kosa moja linaweza kumfungia mtu milango ya viza kwa miaka.

Kuna na mzigo usiotajwa kwenye kijitabu cha wageni: simu za nyumbani zenye maombi. Ndugu husikia pauni na kuona utajiri. Ni bora mwanafunzi aseme Oktoba, kwa upole na kwa tarakimu, kwamba posho ikitoa pango, nauli na chakula inabaki kiasi fulani, kuliko kuahidi na kunyamaza Desemba. Naye aache kugeuza kila bei kuwa shilingi. Anayefanya hivyo ataruka chakula cha mchana mwezi mzima, kisha alipe kwa afya.

Juni hadi Agosti: kuondoka vizuri

Mwanga unaporudi, mji huwa mwingine. Watu hulala kwenye nyasi za The Meadows, na Arthur's Seat, kilima cha mita 251 katikati ya mji, hupandwa baada ya chakula cha jioni jua likiwa bado juu. Lakini ndiyo miezi ya tasnifu, na Agosti matamasha hurudi na kelele zake hadi mlangoni. Anayepanga vizuri humaliza utafiti kabla ya Julai kwisha.

Kabla ya kuondoka, achukue nakala rasmi za matokeo akiwa bado na uwezo wa kwenda dirishani mwenyewe. Mtanzania atahitaji utambuzi wa shahada kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na jina la shahada laweza kuleta maswali: katika vyuo vikongwe vya Uskoti, M.A. ya sanaa ni shahada ya kwanza, ileile aliyopata Nyerere, wakati ya uzamili huitwa MSc hata kwa wanaosoma siasa. Barua ya chuo inayofafanua hilo huokoa miezi ya kubishana na ofisi ya rasilimali watu.

Adai amana yake kwa maandishi, na picha zile za Septemba zitamtetea. Kisha sufuria, mwiko, blanketi na koti visitupwe wala visipelekwe Tanzania, Kenya au Burundi kwa gharama ya mzigo wa ziada. Chama cha wanafunzi kitamjua mtu anayekuja Septemba, naye atalihitaji koti hilo kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba.